Vigae Thelathini na Kimoja

Rukia mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kivinje kumuaga shangazi yako, nami nimefunga mlango wa uani ili asiingie mtu. Najua shangazi hatakuachia kabla hujala, ukishakula atakuombea dua ya safari, na baada ya dua atakumbuka jambo la kusema kuhusu mimi. Kwa hiyo nina muda mpaka magharibi. Basi lako ni la alfajiri, na alfajiri watu hawasemi la maana, wanahangaika na mizigo tu.

Sitakuandikia habari za nguo wala chakula wala wanaume. Nguo unazikunja vizuri kuliko mimi, kupika nimekufundisha, na hayo mengine ukinisikiliza mimi utapotea. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na minne. Nilitaka kulisema kwa mdomo. Mara tatu wiki hii nimekuita, umekuja, umesema, "Abee mama," na mimi nikakutuma chumvi. Chumvi ndani ya nyumba hii sasa inatosha mpaka mwakani.

Unakumbuka Jumatatu iliyopita uliponisomea maelezo yako, yale uliyoandika kuomba nafasi hii ya masomo Dar es Salaam? Ulikaa hapa kwenye mkeka ukasoma taratibu ili nielewe. Uliandika kwamba unataka kuwafundisha watoto kwa vitu vya kale, na kuwapa rangi na udongo wale walioumia ili watoe yaliyomo ndani. Halafu ukaandika kwa nini. Ukasema ulipokuwa na miaka saba, baada ya kufiwa na baba, ulitengeneza kitu kwa vigae kwenye stoo ya makumbusho alikofanya kazi mama yako, na mkaguzi kutoka mjini akaja akakibomoa bila kuuliza. Ukasema umeapa kwamba mtoto yeyote atakayepita mikononi mwako hatabomolewa kitu chake. Ulipomaliza ukaniuliza, "Mama, nimekosea popote?"

Nikasema hapana. Nikasema umeandika vizuri sana.

Mkaguzi hakubomoa kitu, Rukia. Nilibomoa mimi.

Nimeshaiandika sentensi hiyo. Sasa ngoja nikueleze, na usiniruke hata mstari mmoja.

Baba yako alikuwa fundi wa chokaa, hilo unalijua. Alichoma matumbawe, akasaga, akakaa juu ya kuta za magofu kule Kisiwani akiziba nyufa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, kidole kidogo alikipoteza chini ya jiwe kabla sijamjua, na alipenda kuwatania watoto kwamba amekisahau ndani ya ukuta na siku moja ukuta utamkuna mtu. Wewe ulikuwa ukienda naye. Alikuonyesha makaburi ya zamani, akakueleza jinsi waliomo walivyolala, ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla. Nilimgombeza. Nilisema, mambo gani hayo ya kumwambia mtoto? Akasema, "Mama Rukia, si wamelala tu? Mtoto haogopi mtu aliyelala."

Homa ilimkamata masika. Siku ya nne alikuwa hatutambui. Tukampakia kwenye lori lililokuwa likienda Lindi, wewe umesimama barabarani na kikombe cha plastiki mkononi, unampungia. Lori lilikwama Mbwemkuru kwenye tope siku nzima. Lilirudi kesho yake nami nimekaa nyuma na baba yako amefunikwa shuka.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapo. Nilimwambia Bi Somoe, jirani, akuchukue kabla hujaliona lori. Akakufungia kwake na halua na watoto wake. Watu wakaja, wanaume wakambeba, wakamzika, na sisi wanawake tukabaki ndani kama desturi. Jioni uliporudi ukauliza, "Baba yuko wapi?" Nikasema, "Baba kasafiri." Ndivyo wanavyoambiwa watoto huku kwetu, hata mimi nilipofiwa na bibi niliambiwa kasafiri, nikamngoja mwaka mzima na zawadi. Nilijua jinsi inavyouma na bado nikakupa maneno yale yale.

Ulinitazama. Uliona nimevaa khanga za eda, uliona nyumba imejaa watu wanasoma, ukasikia shangazi yako analia jina lake. Ukanyamaza. Nilidhani una njaa. Kesho yake ukanyamaza, na kesho kutwa. Mwalimu wa darasa la kwanza alikurudisha nyumbani baada ya wiki, akasema mtoto hajibu hata akiitwa jina, mpeleke wakamsomee. Tulikupeleka wakakusomea. Ukanywa kombe, maji yaliyooshewa aya, ukasikiliza, ukanyamaza.

Wakati huo ndio ule wa ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa vitu na maofisi yanapunguzwa watu. Kila wiki redio ilisema shirika fulani linauzwa, na kila wiki mtu fulani hapa Masoko alirudi nyumbani na barua ya kuagwa kazini. Makumbusho yetu yalikuwa vyumba viwili na stoo. Tulikuwa wahudumu watatu, na tukaarifiwa kwamba mkaguzi anakuja kuhesabu vitu na kuangalia nani abaki. Nilikuwa sijamaliza hata nusu ya eda. Shangazi yako alisema mjane mwenye haya hatoki. Nikamwambia mjane mwenye mtoto anatoka mchana na kurudi mchana, dini haikumkataza, aulize vizuri. Mpaka leo hajanisamehe, lakini hilo si la leo.

Nikaenda kazini, na wewe nikaenda nawe, kwa kuwa shule ilikukataa na mimi sikutaka ukae uani ukihesabu mchwa. Nilikuweka stoo. Unaikumbuka stoo ile? Trei za mbao zimepangana mpaka dari, kila moja imejaa vigae vilivyochimbwa Kisiwani. Vyekundu vya vyungu vya huku kwetu, vya kijani vya mabakuli ya Uchina, vyeupe vyenye michoro ya buluu. Kila kigae kina namba ya wino mweusi mgongoni: shimo gani, tabaka gani, cha ngapi. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba kigae bila namba ni taka, na kigae chenye namba ni shahidi. Niliipenda sentensi hiyo. Nilidhani nimeitunga mimi. Kumbe bosi wangu wa kwanza aliisema kabla yangu.

Nilikukataza kugusa. Ukatikisa kichwa kwamba umesikia. Nami nikaenda mbele kukaa kwenye meza ya viingilio, kumngoja mgeni ambaye hakuja.

Siku mkaguzi alipotarajiwa nilikuacha kwa Bi Somoe, nikawahi kwenda kufagia. Chini ya meza ndefu ya stoo palikuwa na gunia limetandikwa. Nikalivuta ili nilikung'ute.

Alikuwa amelala pale chini.

Urefu wake kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko. Mwili ulikuwa wa vigae vyekundu, umevipanga kimoja kimoja vikashikana bila gundi. Shati lake ulilipanga kwa vya kijani, kwa kuwa alipopanda lori alivaa shati la kijani. Alilala ubavu wa kulia. Nikatazama dirisha, nikatazama mlango, nikapima kibla. Uso umeelekea sawasawa. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya ubavu, na ulikuwa na vidole vinne, vipande vidogo vya ukingo wa bakuli, vinne tu, nikavihesabu mara mbili.

Miaka yote hii nimejisemea kwamba niliogopa mkaguzi. Ni kweli niliogopa. Vigae vya mashimo manane tofauti vimechanganywa sakafuni, na mimi ndiye mwenye funguo, nani angenibakiza? Ningekuwa nimekuambia hivyo tu, labda ungesema, maskini mama, alikuwa akitafuta riziki yetu. Nataka ujue kwamba si hivyo. Ningeweza kulirudisha gunia nikafunga mlango wa stoo na kusema ufunguo umepotea. Wahudumu wa makumbusho hupoteza funguo, ni kawaida yao. Nilikibomoa kwa sababu nilimtambua.

Nilimtambua, nikaelewa kwamba unajua. Unajua kila kitu, umejua tangu siku ya kwanza, na maneno yangu ya kasafiri umeyapima ukayaona hayana uzito. Nilikuwa nimekaa miezi miwili nikimngoja mtoto wangu aseme, na mtoto wangu alikuwa ameshasema, tena waziwazi, na alichosema ni kwamba mama yangu mwongo. Hivyo ndivyo nilivyokisoma. Nilipandwa na hasira, Rukia. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyokukasirikia wewe asubuhi ile, mtoto wa miaka saba.

Nikapiga magoti nikaanza miguuni. Sasa sikiliza ujinga wa kazi. Sisi tumefundishwa kwamba kitu chochote kikihamishwa, namba yake huandikwa kwanza. Kwa hiyo nilichukua kadi, nikawa nachukua kigae, nakigeuza, nasoma namba, naandika, nakirudisha kwenye trei yake. Kigae kingine. Naandika. Nambomoa mume wangu na ninamwandika. Vilikuwa thelathini na kimoja. Vidole nilivibakiza mwisho. Saa nne mkaguzi alipofika, kila kigae kilikuwa mahali pake na mimi nimenawa mikono.

Alikuwa mzee mpole, anavuta mguu. Alihesabu, akanywa chai, akasema stoo hii ndiyo safi kuliko zote alizozipita pwani hii. Nikabakizwa kazini. Wenzangu wawili waliondoka.

Jioni ulikuja mbio, ukapita mbele yangu, ukaingia stoo. Nilikufuata. Ulikuwa umepiga magoti, umeshika gunia, unapapasa sakafu. Ukageuka ukanitazama. Mdomo wako ulifunguka. Ninaapa ulifunguka, na hakuna wa kunithibitishia, lakini mimi naamini ulikuwa unataka kusema. Na mimi nikakuwahi. Nikasema, "Mkaguzi kaja. Kavirudisha."

Ukafunga mdomo.

Kesho yake yule mzee alikuja kuaga, akatoa peremende mfukoni akakupa. Ukaficha mikono mgongoni. Akacheka, akasema, "Bibie ana haya." Nikacheka naye. Basi huyo ndiye uliyemchukia maisha yako yote, na ndiye uliyemwandika kwenye maelezo yako, mzee aliyetaka kukupa peremende.

Mwalimu Tekla unamkumbuka vizuri kuliko mimi, kwa hiyo nitamtaja kwa ufupi. Alifika mwaka uliofuata, mtu wa Rondo, mrefu, anacheka kwa sauti mpaka wageni wanageuka. Alikuja kwetu na mpango ambao mimi niliuona wa kipuuzi. Kila Alhamisi alileta watoto wa shule, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja tu ndani ya makumbusho, akitazame mpaka achoke, halafu afumbe macho akakifinyange kwa udongo. Wengine alichagua mwenyewe kuwaleta, watoto waliofiwa, waliopigwa, wasiosoma. Nilimwambia, mwalimu, hapa ni mahali pa historia, si zahanati. Akasema, "Dada, historia ni nini kama si watu waliofiwa?" Nilimkasirikia na huyo.

Alhamisi ya tatu nilikuwa kwenye meza yangu ya viingilio na mlango uko wazi. Ulikuwa umekaa kwenye kona na udongo wako. Tekla akachuchumaa karibu nawe. Hakuuliza nani kakuruhusu, wala mbona chako hakifanani na cha wenzako. Akauliza, "Huyu nani?"

Ukasema, "Baba."

Sauti yako ilikuwa imekuwa nene, kama ya mtu aliyeamka. Tekla hakushtuka. Akauliza, "Amefanyaje?"

"Amekufa. Alipanda lori akafa."

"Pole sana, mwanangu. Tumweke wapi akauke?"

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiomba usiku na mchana nisikie sauti yako, na nilipoisikia haikuwa ikisema na mimi. Nilitakiwa nifurahi. Niliona wivu, mwanangu, wivu mkali wa kitoto, nikatoka nikaenda nyuma ya jengo nikashika ukuta nikalia. Niliporudi nilikuta unamwambia Tekla udongo umekuwa mkavu sana, lete maji. Ukaendelea kusema, na tangu siku hiyo hukunyamaza tena, mpaka leo unanipigia kelele.

Nami nikajigeuza shujaa. Nimewasimulia wageni wangapi kwamba makumbusho yetu yalimrudishia binti yangu sauti! Wazungu walipiga picha. Sikuwahi kusema kwamba makumbusho hayo hayo, kwa mkono wangu, yalikuwa yameifunga sauti hiyo mwaka uliotangulia.

Wanakokupokea watakufundisha mengi, na mimi niliyeishia darasa la saba sina cha kuongeza. Watakufundisha kumuuliza mtoto, huyu nani, hiki nini, na kungoja. Umeshajua kungoja. Ila siku moja mtoto atakuwekea kitu mezani na wewe utakitambua kabla hujauliza. Labda kitakuwa kinakusema wewe. Siku hiyo mikono yako itataka kufanya jambo. Sijui nikushauri nini, ninachojua ni nilichofanya mimi. Labda ukae juu ya mikono yako.

Sasa la mwisho, na jua limeshafika kwenye kizingiti.

Makumbusho yetu yalipofungwa nilizifunga trei zote mimi mwenyewe, zikapakiwa kwenda stoo kubwa ya Dar, huko huko unakokwenda. Siku ya mwisho kabla hazijapakiwa, nilijifungia ndani na kadi yangu ile ya namba. Nilivitafuta vyote thelathini na kimoja. Nilivipata vyote, maana niliviweka vizuri. Nikatandika gunia chini ya meza nikaanza kumpanga. Nilikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipata mkono tu, mkono wa kushoto wenye vidole vinne. Vingine vilinishinda. Nilikuwa na kila namba, shimo na tabaka, na sikujua kipi kilikuwa bega, kipi goti, kipi uso. Nikakaa pale na rundo la vigae na mkono mmoja. Halafu nikavirudisha.

Kadi imo ndani ya bahasha hii. Wino umepauka lakini unasomeka. Waonyeshe namba hizo, omba kwa adabu, waambie ni za masomo. Mimi najua vilipo na wewe unajua vinavyokaa, na kati yetu sisi wawili ndipo alipo baba yako.

Una haki ya kukasirika. Usijilazimishe kunisamehe kwa sababu mimi ni mzazi, wala usifanye haraka. Ila yale maelezo yarekebishe, mwondoe yule mzee anayevuta mguu. Andika mama yangu. Jina langu unajua linavyoandikwa.

Na ukiweza, ukishampanga, nikuombe jambo moja. Siku ile wanaume walipombeba mimi nilikuwa ndani, nimegeuzwa uso ukutani, na mwisho niliouona mimi ni miguu ya watu mlangoni. Sikumwona akilazwa. Wewe uliyefungiwa kwa Bi Somoe na halua, wewe ndiye uliyenionyesha jinsi alivyolala, nami nikamtazama kwa dakika moja tu kabla ya kuanza miguuni. Dakika ile ndiyo maziko yangu yote. Nyingine sina.

Kwa hiyo mpange, kisha uniite. Nitapanda basi siku hiyo hiyo. Nataka kumwona tena.

Nasikia unabisha hodi mlango wa uani na unauliza kwa nini nimejifungia. Naja kukufungulia, na nitakwambia nilikuwa naoga.

Mama yako